Wito wa Vaisakhi

Mwanzoni mwa mwaka 1699 barua zilitoka Anandpur, mji ulio chini ya vilima vya Shivalik huko Punjab, zikasambaa pande nyingi za Bara Hindi. Aliyezituma ni Guru Gobind Rai, kiongozi wa kumi wa Masingasinga, mtu wa miaka 32. Aliwataka wafuasi wake wakusanyike kwake siku ya Vaisakhi, waje wengi kuliko miaka mingine, na mwenye silaha aje nayo. Tena waje wenyewe. Kwa muda mrefu sadaka zao zilikuwa zikipitia kwa mawakala walioitwa masand, na baadhi ya mawakala hao walikuwa wamegeuka mabwana wadogo, wakila cha waumini na kuwatisha. Guru aliwaondoa njiani. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kusimama kati yake na watu wake.

Kataa neno, usikatae wito, ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Kwa jinsi ninavyoisoma historia ya Vaisakhi, hiyo ni historia ya wito: nani ana haki ya kuwaita watu, nani anathubutu kuitika, na watawala gani wametetemeka kuona watu wa kila daraja wameketi pamoja. Mavuno yapo, ngoma zipo, chakula kipo tele. Lakini anayeishia hapo hajajua kwa nini siku hii imemwagiwa damu zaidi ya mara moja, wala kwa nini Masingasinga hawajaiacha.

Siku yenyewe ni kongwe kuliko dini yao. Ni siku ya kwanza ya mwezi wa Vaisakh katika kalenda ya jua ya Wahindi, na siku hizi huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Wakati huo ngano ya Punjab imekauka mashambani na inangoja mundu. Tangu zamani wakulima waliisherehekea kwa magulio ya ng'ombe na farasi, kwa kuoga mitoni, na kwa ngoma kubwa ya dhol inayochezewa bhangra. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kuanzisha njia ya Masingasinga, aliikuta sikukuu hiyo. Alihubiri Mungu mmoja asiye na umbo, kazi ya mikono, kugawana kinachopatikana, na kwamba mbele ya Mungu tabaka la mtu si kitu. Hakuipa sikukuu hiyo maana mpya. Aliyeipa ni mrithi wake wa pili, Guru Amar Das, aliyeongoza kuanzia 1552 hadi 1574 katika mji wa Goindwal, kando ya mto Beas. Wafuasi walikuwa wameongezeka na kutawanyika, hawafahamiani. Amar Das akachagua siku ambazo watu wangepumzika shambani hata hivyo, Vaisakhi ikiwa mojawapo, akasema: siku hizo njooni Goindwal.

Walipofika walikuta sharti moja. Kabla ya kumwona Guru, kila mtu aketi chini katika safu na kula. Jiko hilo la wote huitwa langar. Ili kuelewa uzito wake, inafaa kukumbuka kwamba katika India ya wakati ule kula chakula kilichoguswa na mtu wa tabaka la chini kulihesabiwa unajisi, na wapo waliokubali njaa kuliko kuonja. Kuketi bega kwa bega na mfagiaji kulikuwa tendo la imani kuliko sala nyingi. Inasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa Wamoghul, alipopita Goindwal aliketi sakafuni kama wengine.

Urafiki huo na kiti cha enzi haukudumu. Mwaka 1606 Guru wa tano, Arjan, aliuawa Lahore kwa amri ya Jahangir, mwana wa Akbar. Mwaka 1675 Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa hadharani Delhi katika enzi ya mfalme Aurangzeb. Siku ile, kwa masimulizi ya Masingasinga wenyewe, wafuasi wengi waliokuwa mjini walijichanganya na umati, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha na wengine. Aliyekichukua kichwa cha Guru na kukibeba kwa siri mpaka Anandpur alikuwa Bhai Jaita, mtu wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote. Kichwa kilipokelewa na mtoto wa marehemu, Gobind Rai, mwenye umri wa karibu miaka tisa. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuandika barua za 1699.

Vaisakhi ya mwaka huo iliangukia mwishoni mwa Machi kwa kalenda ya zamani iliyokuwa ikitumika Uingereza. Masimulizi yake kamili yaliandikwa miaka mingi baadaye, na Masingasinga huyajua kwa moyo tangu utotoni. Baada ya ibada ya asubuhi Guru alisimama mbele ya umati na upanga uliochomolewa alani, akauliza nani yuko tayari kumpa kichwa chake. Watu wakanyamaza. Akauliza tena, na tena. Mara ya tatu akasimama Daya Ram wa Lahore. Guru akaingia naye hemani; nje ukasikika mshindo, kisha Guru akatoka peke yake, upanga ukichuruzika damu, akataka kichwa kingine. Hapo baadhi ya watu walianza kunyemelea kuondoka, na wengine wakakimbilia kwa mama yake kumshtaki kwamba mwanawe amerukwa na akili. Hata hivyo wanne wengine wakasimama, mmoja baada ya mwingine: Dharam Das, mkulima wa Hastinapur, Himmat Rai, mchota maji wa Puri, Mohkam Chand, mpiga chapa vitambaa wa Dwarka, na Sahib Chand, kinyozi wa Bidar.

Ukiitafuta miji hiyo kwenye ramani utaona imetawanyika kaskazini, mashariki kwenye Ghuba ya Bengali, magharibi kwenye bahari ileile inayotuletea sisi kaskazi, na kusini katika nyanda za Dekani. Ukizitazama kazi zao utaona kwamba mmoja tu ndiye aliyetoka tabaka la juu la wafanyabiashara. Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kuulizwa "wewe mtoto wa nani?" kabla ya kupewa kiti anaelewa ni mlango gani uliofunguliwa pale.

Watano hao walitoka hemani wazima, wamevaa mavazi mapya. Wako wanaosema mle ndani walichinjwa mbuzi, wako wanaosema ulikuwa muujiza. Kwangu uzito hauko hemani. Uko kwa kinyozi, wa mwisho kusimama, ambaye kwa alivyojua yeye wanne waliomtangulia walikuwa wameshakufa.

Kisha Guru akachukua bakuli la chuma, akatia maji, akayakoroga kwa upanga wenye makali pande zote mbili huku akisoma sala. Mkewe, Mata Jito, akatia ndani patasa, vipande vyepesi vya sukari, ili ushujaa wao uwe na utamu. Maji hayo ndiyo amrit. Watano wakanywa chombo kimoja: mfanyabiashara, mkulima, mchota maji, mpiga chapa na kinyozi. Wakaitwa Panj Piare, yaani wapendwa watano, na udugu waliouanzisha ukaitwa Khalsa. Majina ya ukoo yanayotangaza tabaka yakawekwa kando. Kila mwanamume aitwe Singh, simba, na kila mwanamke aitwe Kaur. Ndipo Guru akafanya jambo ambalo sijaliona kwa waanzilishi wengi wa jumuiya za dini. Alikunja mikono mbele ya wanafunzi wake watano akawaomba wampe na yeye amrit ile. Wakampa. Aliingia uwanjani akiitwa Gobind Rai, akatoka Gobind Singh, mmoja wao.

Alama tano walizopewa Khalsa zinajulikana popote walipo: nywele zisizokatwa, chanuo, bangili ya chuma, suruali fupi ya ndani, na kirpan, upanga mfupi. Tangu siku hiyo Msingasinga hakuweza tena kujificha katika umati kama walivyojificha wale wa Delhi. Ndivyo Guru alivyokusudia. Na mwaka 1708, akikaribia kufa huko Nanded, hakumrithisha mwanadamu. Wanawe wote wanne walikuwa wameshauawa wakati wa vita na magavana wa Wamoghul. Uguru akaukabidhi kwa kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib.

Namna sikukuu inavyoadhimishwa leo ni kurudia hatua zile za 1699. Siku mbili kabla yake husomwa kitabu chote, kurasa 1,430, bila kukatizwa usiku wala mchana, wasomaji wakipokezana kwa saa 48 hivi hadi asubuhi ya Vaisakhi. Mlingoti wa bendera ulio nje ya kila gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, huvuliwa kitambaa cha mwaka uliopita, huoshwa kwa maziwa na maji, kisha huvishwa kipya. Ndani huimbwa nyimbo za maandiko kwa harmonia na tabla, na kila aingiaye hupewa karah parshad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari. Katika chumba cha faragha, wale walio tayari hupewa amrit na watu watano walioshika ahadi zao, iwe Amritsar au Nairobi. Hakuna ukoo maalumu wa makuhani unaohitajika.

Baadaye hutoka maandamano ya nagar kirtan. Mbele hutembea watano wa kuwakilisha Panj Piare, mara nyingi miguu mitupu, panga zikiwa mabegani, na watu hufagia barabara na kuinyunyizia maji ili kitabu kipite mahali safi. Kitabu hufuata juu ya gari lililopambwa maua, na vijana huonyesha gatka, mchezo wa kale wa panga na fimbo. Njiani watu hugawiwa chai, matunda na vitafunio, awe muumini au mpita njia. Ninapoyatazama maandamano hayo hufikiria zaidi wafagiaji. Huko India ufagiaji ulikuwa adhabu ya kuzaliwa. Hapa daktari na mwenye duka hugombea ufagio.

Karne ya 18 iligeuza kuitika wito kuwa kosa la kufa. Magavana wa Lahore waliwasaka Khalsa na kulipia vichwa vyao. Nao walijificha misituni, lakini Vaisakhi na Diwali walijitahidi kufika Amritsar kwenye hekalu lao kuu, Harmandir Sahib, waabudu na kushauriana. Mkutano huo mkuu uliitwa Sarbat Khalsa, na uamuzi uliopitishwa mbele ya kitabu uliwafunga wote. Katika miaka ya 1730 mzee msomi, Bhai Mani Singh, aliomba kibali cha kufanya mkutano wa Diwali. Alitozwa ushuru mkubwa, akashindwa kuulipa, akauawa Lahore kwa kukatwa kiungo baada ya kiungo. Vikundi vya wapiganaji havikuacha kukutana. Vaisakhi ya 1748, pale Amritsar, viliungana kuwa jeshi moja, Dal Khalsa, chini ya Jassa Singh Ahluwalia. Ahmad Shah Abdali wa Afghanistan alililipua hekalu kwa baruti mwaka 1762, wakalijenga upya. Na tarehe 12 Aprili 1801, Vaisakhi tena, Ranjit Singh alitawazwa Lahore kuwa maharaja wa Punjab, katika mji uleule ambao magavana wake walikuwa wakinunua vichwa vya Khalsa. Sarafu zake hazikutolewa kwa jina lake. Zilitolewa kwa jina la Nanak. Mwaka 1849 Waingereza waliuteka ufalme huo, miaka 10 baada ya kifo chake.

Ndipo tunafika Vaisakhi ya 1919. Vita kuu vilikuwa vimekwisha, na askari wengi kutoka Punjab walikuwa wamevipigana kwa niaba ya Uingereza. Malipo yao yakawa sheria ya Rowlatt, iliyoruhusu mtu kufungwa bila kesi. Tarehe 10 Aprili viongozi wawili wa Amritsar, Dakta Saifuddin Kitchlew, Mwislamu, na Dakta Satyapal, Mhindu, walikamatwa na kuondolewa mjini. Zikazuka ghasia, askari wakafyatulia watu risasi, na Wazungu watano wakauawa. Mji ukakabidhiwa kwa Jenerali Reginald Dyer.

Asubuhi ya tarehe 13 Dyer alipita na wapiga mbiu akitangaza kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku. Sehemu nyingi za mji hazikufikiwa. Na mji ulikuwa umejaa wageni: watu wa vijijini waliokuja kuoga na kusali Harmandir Sahib, na wengine waliokuja kwenye gulio la mifugo. Alasiri maelfu walikuwa wamekusanyika Jallianwala Bagh, uwanja ulio hatua chache kutoka hekaluni, uliozungukwa na kuta za nyumba na wenye njia chache nyembamba za kutokea. Wako waliokuja kuwasikiliza wasemaji wa siasa, wako waliokuja kupumzika tu na watoto wao. Dyer aliingia na askari 90, hamsini kati yao wakiwa na bunduki. Magari yake mawili yenye bunduki za rashasha yalishindwa kupenya kichochoro. Hakutoa onyo. Askari walifyatua risasi 1,650 kwa muda wa dakika 10 hivi, wakilenga palipokuwa na watu wengi zaidi, pamoja na njia za kutokea. Watu walijitupa kisimani. Jenerali akaondoka bila kuwaangalia majeruhi, na amri ya kutotoka nje usiku iliwazuia ndugu kuwafuata. Serikali ilihesabu maiti 379. Chama cha Congress kilikadiria watu wapatao 1,000. Masingasinga, Wahindu na Waislamu walilala pale pamoja. Dyer aliiambia tume ya uchunguzi kwamba kama magari yale yangeweza kuingia, pengine angezitumia na rashasha.

Kilichofuata hakisimuliwi sana nje ya Punjab. Msimamizi wa Harmandir Sahib, aliyewekwa na serikali ya kikoloni, alimpa Dyer vazi la heshima. Waumini walichukia kupita kiasi. Hasira hiyo ikawa moja ya kuni za vuguvugu la kuzirudisha gurudwara mikononi mwa waumini, na kamati yao kuu ikaundwa Novemba 1920. Mwezi mmoja kabla yake, watu wa matabaka ya chini waliokuwa wamepewa amrit walileta halua yao hekaluni, nao makuhani wakakataa kuipokea. Kitabu kikafunguliwa ili kitoe hukumu, na hukumu ikawa upande wa wale waliokataliwa. Halua ikaliwa na wote. Miaka 221 tangu kinyozi wa Bidar anywe bakuli moja na mfanyabiashara wa Lahore, jambo lilelile lilibidi lipiganiwe upya ndani ya hekalu kuu. Ninalitaja kwa kuwa linawaheshimu waliolipigania.

Siku moja baada ya mauaji ya Amritsar, ndege za Waingereza zilidondosha mabomu Gujranwala, mji mwingine wa Punjab uliokuwa umewaka ghasia. Katika kijiji cha Gharjakh, jirani na mji huo, alikuwako mtoto wa miaka mitano aitwaye Makhan Singh. Baba yake, fundi seremala, alikuja kufanya kazi kwenye reli ya Kenya, na mtoto akamfuata Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1935 Makhan Singh alikichukua chama cha wafanyakazi wa Kihindi akakifungulia watu wa rangi zote. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Walimkamata mwezi uliofuata, wakamweka kizuizini hadi Oktoba 1961.

Baba yake alifuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi na ajali. Simba wa Tsavo walichukua wengine, akiwemo Ungan Singh, mnyapara aliyenyakuliwa hemani mwaka 1898. Masingasinga waliokuja walikuwa zaidi mafundi: maseremala, wahunzi, waashi, na wengine askari. Kwa mikono yao nyumba nyingi za mabati, mabehewa na madaraja ya nchi zetu yalisimama, na jina la Kalasinga likawa kwetu karibu sawa na fundi. Walijenga gurudwara Kenya, Uganda na Tanganyika, kila palipokuwa na familia za kutosha kuwasha jiko. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, wengi walibeba desturi yao hadi Uingereza na Canada, na maandamano ya Vaisakhi yakakua katika miji ya huko pia.

Kati ya gurudwara hizo, ninayopenda kuitaja ni ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli, kando ya njia ya Mombasa na Nairobi. Jiko lake humpa msafiri yeyote chakula na mahali pa kulala bila malipo, hata siku zisizo za sikukuu: chapati, dengu, mboga, chai ya maziwa. Anayesafiri barabara hiyo aingie bila hofu. Avue viatu, afunike kichwa kwa kitambaa, anawe, aketi popote palipo na nafasi. Asichukue zaidi ya atakachomaliza. Akitaka tena ataongezwa. Hataulizwa dini wala kabila. Akiona haya kula bure, kule nyuma hapakosi sahani za kuosha.